Kijiji Kilichojifungia Mlango

Katika maktaba ya chuo cha ualimu nilikosoma, mwaka 1971, kulikuwa na kitabu cha mazoezi ya Kiingereza ambacho jalada lake lilikwisha kung'oka zamani. Ndani yake mlikuwa na kisa kifupi, kurasa mbili tu, juu ya kijiji kimoja cha Uingereza kiitwacho Eyam. Kisa kilisema hivi: mwaka 1665 tauni iliingia kijijini humo kutoka London. Watu wakataka kukimbia. Kasisi wao, kijana aliyekuwa bado mgeni mahali pale, akawakusanya na kuwasihi wabaki, wajifungie wenyewe, wasije wakaueneza ugonjwa katika vijiji vya jirani. Wakakubali. Wakafa kwa mamia, na jirani zao wakapona. Chini ya kisa kulikuwa na maswali matano, na la tano liliuliza: Unajifunza nini kutokana na kisa hiki?

Nilijibu swali hilo nikiwa kijana wa miaka ishirini na moja, nikapata alama zote. Tangu hapo nilikisimulia kisa hicho kila nilipopata nafasi: darasani nilipokuwa mwalimu, gwarideni asubuhi nilipokuwa mwalimu mkuu, na hatimaye mbele ya walimu wanafunzi nilipokuwa mkuu wa chuo. Nilikijua kwa ghibu. Hata jina la kijiji nililitamka kwa madaha, "E-ya-mu", na darasa zima likaitikia.

Mwezi Agosti 2019, miaka kadhaa baada ya kustaafu, nilijaliwa kufika huko kwa miguu yangu mwenyewe. Binti yangu ni muuguzi katika mji wa Sheffield, na kutoka kwake hadi Eyam ni mwendo wa nusu saa na ushei kwa gari. Jambo la kwanza alilonieleza njiani ni kwamba jina lile hutamkwa "Iim". Tulicheka sote wawili. Kisha nikanyamaza kidogo, maana nilianza kuwahesabu wanafunzi niliowapotosha. Mwalimu aliyekosea jina la mahali kwa zaidi ya miaka arobaini, yumkini amekosea na mengine.

Msomaji, sikusudii kukuchosha kwa habari za ndege na viwanja vyake. Nataka kufanya kazi moja tu niliyoizoea: kuchukua kalamu nyekundu na kukisahihisha kisa kile, kwa mambo niliyoyaona kwa macho na niliyoyasoma baadaye. Nasema mapema kwamba ni kisa kizuri, nacho hakitaanguka mtihani. Lakini kuna mahali pa kutia mistari.

Ukitoka Sheffield kuelekea magharibi, barabara hupanda mpaka kwenye nyika ya juu isiyo na miti, iliyofunikwa na vichaka vifupi ambavyo mwezi wa Agosti huchanua maua ya zambarau. Upepo huko hauna adabu. Kisha barabara huteremka kwenye bonde la mto Derwent na kupanda tena upande wa pili. Nchi yote imegawanywa kwa kuta za mawe yaliyopangwa kwa ustadi bila udongo wala saruji, na kila ua mna kondoo. Sehemu hiyo, Peak District, ilitangazwa mwaka 1951 kuwa hifadhi ya taifa ya kwanza nchini Uingereza. Kwetu tukisikia hifadhi ya taifa tunawaza simba na tembo, na watu wameambiwa wakae nje. Kule watu wamo ndani na mashamba yao, na kanisa lao, na mkahawa wao wa chai.

Kijiji chenyewe kimejiegemeza kwenye ubavu wa mlima. Nyumba ni za mawe ya kijivu, nyingi zimejipanga kando ya barabara moja ndefu. Zamani wakazi wake wengi walikuwa wakulima na wachimbaji wa madini ya risasi. Upo uwanja mdogo wenye mikatale ya kale, ile ya kubania miguu ya wakosaji. Liko kanisa la Mtakatifu Lawrence, na uani mwake umesimama msalaba wa mawe uliochongwa karne nyingi kabla ya tauni. Ukutani kuna saa ya jua ya mwaka 1775. Siku tulipofika, visima vya kijiji vilikuwa vimepambwa. Ni desturi ya wilaya ile: huchukua mbao, huzikandika udongo wa mfinyanzi, kisha huchomeka petali za maua moja moja mpaka picha nzima inatokea. Nilisimama mbele ya picha moja muda mrefu nikistaajabia subira ya vidole vilivyoitengeneza. Baada ya siku chache maua hunyauka, na mwaka ufuatao kazi huanza upya.

Lakini kilichonishika zaidi ni vibao. Kando ya kanisa kuna nyumba ndogo za mawe, na mbele ya kila moja pana kibao kinachosema ni nani aliishi humo, nani alikufa, na tarehe ya kufa kwake. Si "watu kadhaa walifariki". Ni majina kamili, mmoja baada ya mwingine, baba, mama, watoto. Nyumba hizo zina wenyewe hadi leo. Dirishani niliona chungu cha maua na paka amelala. Nikajiuliza mtu hujisikiaje kutoka asubuhi kwenda kazini akipita jina la mtoto aliyekufa sebuleni mwake miaka zaidi ya 350 iliyopita.

Katika nyumba mojawapo ndipo balaa lilipoanzia. Mwishoni mwa kiangazi cha mwaka 1665, fundi nguo wa kijiji aliletewa sanduku la nguo kutoka London, ambako tauni ilikuwa ikiua maelfu kila juma. Inasimuliwa kwamba nguo zilikuwa na unyevu, na msaidizi wake, George Viccars, akazianika karibu na moto. Viccars alizikwa tarehe 7 Septemba. Baada yake akafa mtoto wa nyumba ile ile, kisha majirani. Siku zile hakuna aliyejua kiini cha ugonjwa. Bakteria wa tauni alitambuliwa mwaka 1894, na kazi ya viroboto wa panya ikaelezwa mwaka 1898. Wakati wa baridi vifo vilipungua, watu wakaanza kupumua. Lakini mwezi Juni 1666 ugonjwa ulirudi kwa nguvu, na mwezi Agosti pekee ukachukua watu 78.

Hapo ndipo walipofanya yale waliyoyafanya. Kasisi William Mompesson, ambaye alikuwa hajafikisha miaka thelathini, aliafikiana na waumini mambo matatu. Kwanza, kila familia izike watu wake, shambani au bustanini, bila kungoja ibada. Pili, kanisa lifungwe na watu wasali nje, katika bonde dogo liitwalo Cucklet Delf, kila jamaa wakisimama mbali na wengine. Tatu, asitoke mtu kuvuka mpaka wa kijiji. Earl wa Devonshire, bwana wa Chatsworth, akapeleka vyakula. Vitu viliachwa mpakani, na wanakijiji wakaacha fedha ndani ya siki au katika maji. Tauni ilikoma mwanzoni mwa Novemba 1666, na waliokufa walikuwa wapatao 260.

Tulilifikia jiwe la mpaka kwa miguu, kwenye njia ya kwenda kijiji cha Stoney Middleton. Ni jiwe la kawaida lililolala majanini, lina matundu sita juu yake. Humo ndimo zilimotiwa sarafu na siki. Niliingiza kidole katika tundu moja; kingo zake zimelainika kwa vidole vya wageni kama mimi. Wakati tunarudi, binti yangu aliniuliza kama nimeridhika. Nikasema nimeridhika mno, kila kitu ni kama kilivyoandikwa.

Nilisema hivyo kwa sababu nilikuwa bado sijashika kalamu nyekundu. Sasa naishika.

Mstari wa kwanza nautia kwenye chanzo cha kisa. Yale yaliyoandikwa wakati wenyewe ni machache: daftari la mazishi na barua tatu za Mompesson. Mengi mengine yaliandikwa baadaye sana. Kitabu kilichokieneza kisa zaidi ni cha William Wood, mwenyeji wa hapo, kilichotoka mwaka 1842, yaani karibu miaka 180 baada ya tauni. Mwaka 2006 mwanahistoria Patrick Wallis alichapisha uchunguzi ulioonyesha jinsi kila kizazi kilivyokishona upya kisa hiki kulingana na mahitaji yake: mara kiwe hadithi ya mapenzi, mara ya uchaji, mara ya ushujaa wa kishujaa hasa wa kizalendo. Hata hesabu zina utata. Zamani ilisemwa kwamba kijiji kilikuwa na watu 350, hivyo kati ya kila wanne walikufa kama watatu. Watafiti wa baadaye, kwa kupekua daftari za kodi na za kanisa, wanaona wakazi huenda walifikia 700 au zaidi. Hata hivyo mtu mmoja kati ya watatu ni msiba usiosemeka. Sioni kwa nini ukuzwe. Mwenye msiba wa kweli hahitaji kuongeza maiti.

Mstari wa pili nautia chini ya neno "kasisi". Kitabu changu kilikuwa na shujaa mmoja. Kumbe walikuwa wawili, na wa pili ndiye aliyekuwa na ufunguo wa mioyo ya watu. Thomas Stanley alikuwa kasisi wa hapo kabla ya Mompesson, akaondolewa mwaka 1662 pamoja na Wapuritani wengine waliokataa amri mpya za ibada. Mompesson alikuja mwaka 1664, akiwa mtu wa upande ulioshinda. Wanakijiji wengi walimpenda yule wa kwanza na kumtazama huyu kwa jicho la pembeni. Ilibidi kijana amwendee mzee aliyechukua kiti chake, waketi pamoja, ndipo watu wakasikia. Mimi niliyeongoza shule na chuo naelewa ugumu wa safari hiyo fupi ya kwenda kubisha hodi kwa mtangulizi wako. Kwangu mimi jambo hilo ni kubwa kuliko hotuba yoyote, na kitabu hakikulitaja.

Mstari wa tatu upo chini ya neno "wakakubali". Walikubali, ndiyo. Lakini baadhi ya wenye uwezo walikuwa wamekwisha kuondoka kabla ya mpaka kuwekwa, na waliobaki wengi walikuwa watu wasio na pa kwenda. Nje ya mpaka nako hakukuwa na mikono mikunjufu. Sheria ya mwaka 1604 iliruhusu mtu mwenye vidonda vya tauni anyongwe akionekana akitembea miongoni mwa watu. Inasimuliwa kwamba mwanamke mmoja wa Eyam alitambuliwa sokoni Tideswell, akafukuzwa kwa kurushiwa kila kilichookotwa. Basi kukubali kwao kulichanganyika na hofu, umaskini na amri. Je, hilo linapunguza ushujaa? Kwa maoni yangu, la. Linaufanya uwe wa watu tunaowafahamu. Na tusisahau vyakula vya Chatsworth. Mwaka uliofuata safari yetu, korona ilipofunga dunia, magazeti ya Uingereza yalikikumbuka sana kijiji hiki na kuwataka watu waige. Ni wachache waliokumbuka kuuliza ni nani aliyewalisha watu wale. Ukimwambia mtu mwenye njaa abaki ndani, umemwambia nusu ya sentensi.

Mstari wa nne sikuutia mimi. Aliutia binti yangu.

Uani mwa kanisa kuna kaburi la Catherine, mke wa Mompesson, aliyekufa tarehe 25 Agosti 1666 akiwa na miaka 27. Alikataa kumwacha mumewe, akawa anawahudumia wagonjwa. Tulifika hapo siku chache tu kabla ya ile Jumapili ya mwisho wa Agosti ambayo kijiji huwakumbuka wafu wake, nami nikavua kofia. Binti yangu akauliza, "Baba, hawa hawakuwa na watoto?"

Nikamwambia sijui. Kitabu hakikusema.

Jibu tulilipata mkahawani, katika kijitabu alichokinunua hapo hapo kijijini. Alikuwa akisoma huku chai ikipoa. Akafika kwenye sentensi moja akaisoma kwa sauti: watoto wawili wa kasisi, George na Elizabeth, walipelekwa kwa ndugu Yorkshire kabla kijiji hakijafungwa. Sentensi moja tu, kisha maelezo yakaendelea na mambo mengine. Binti yangu aliweka kijitabu mezani, akasema, "Kama sisi."

Msomaji, sasa nalazimika kukurudisha nyumbani, na si kwa kupenda.

Tauni haikukaa katika vitabu vya Kiingereza tu. Mwaka 1980 ilizuka katika milima ya Usambara, wilayani Lushoto, ikawa inarudi karibu kila mwaka kwa zaidi ya miaka ishirini. Waliougua walizidi 7,000, na mamia walikufa, wengi wao wanawake na watoto. Huko juu mahindi huhifadhiwa darini juu ya jiko. Panya hufuata mahindi, viroboto hufuata panya, na watoto hulala chini. Katika miaka hiyo mimi nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi milimani humo. Sitaitaja, kwa kuwa waliofiwa bado wapo.

Mwaka mmoja, mvua za vuli zilipoanza, mtoto wa jirani aliamka na homa na mtoki kinenani. Kabla ya juma kwisha walikuwa watano. Mganga wa zahanati alikuwa na sindano za kutosha kuanzia, na unga wa kupulizia majumbani uliahidiwa. Aliomba jambo moja: watu wasihamehame wala kwenda kulala vijiji vingine, wasije wakabeba viroboto katika nguo na matandiko. Mkutano wa kijiji ukaitishwa. Mwenyekiti akanipa nafasi, maana mwalimu husikilizwa. Nikasimama nikawasimulia juu ya Eyamu. Nilisimulia vizuri, tena vizuri kuliko nilivyowahi: sanduku la nguo, kasisi kijana, jiwe lenye siki. Wazee wakatikisa vichwa. Mkutano ukapitisha kwamba hakuna atakayetoka.

Jambo ambalo sikuwasimulia ni kwamba alfajiri ya siku ile ile, kabla ya mkutano, niliwapandisha watoto wangu wawili basi la kwenda Korogwe kwa bibi yao, wakiwa na shangazi yao. Niliwaambia bibi anaumwa miguu na anahitaji watu wa kumchotea maji. Nguo zao tulizitia katika sanduku la bati. Narudia neno hilo, sanduku, kwa sababu saa chache baadaye nilisimama mbele ya watu nikaeleza jinsi sanduku la nguo lilivyoua kijiji, na ulimi wangu haukujikwaa. Uamuzi ulikuwa haujapitishwa. Sikuvunja amri ya mtu. Nimejitetea kwa hoja hiyo miaka mingi. Ni hoja nzuri mahakamani.

Mungu alisaidia, Korogwe hawakuugua. Kijijini tulizika watu watatu, mmoja wao mtoto wa darasa la tatu aliyekuwa akilelewa na bibi yake. Baada ya mazishi nilikwenda kumpa pole bibi huyo. Aliipokea, akanikaribisha nikae. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, wanao hawajambo huko waliko?" Nikasema, "Hawajambo, bibi." Akasema, "Alhamdulillahi." Sikuona chuki usoni mwake, na hakulirudia tena neno hilo mpaka nilipohamishwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa adhabu yangu. Watu wote walijua. Mtu hawezi kupandisha watoto basi katika kijiji cha milimani bila watu kujua. Walijua wakati wananisikiliza mkutanoni, wakaniacha niseme, na bado wakabaki.

Haya nilimweleza binti yangu mkahawani, ukweli wote, kwa mara ya kwanza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nilidhani bibi alikuwa anaumwa kweli." Halafu akaongeza, "Ningekuwa wewe, Baba, nami ningewapeleka." Nilimshukuru. Lakini kuelewa ni jambo moja, na kusimulia ni jambo jingine, nami hapa ninahakiki usimulizi.

Simhukumu Mompesson. Aliwatoa watoto, lakini yeye mwenyewe hakutoka. Akamzika mkewe, akaendelea na kazi hadi mwisho. Mwaka 1669 alihamia parokia ya Eakring, na inasimuliwa kwamba huko nako watu walimwogopa mwanzoni, wakataka aishi peke yake mbali nao. Ameonja vya kutosha. Kosa ninaloliona ni la sisi tuliokuja baadaye tukaandika vitabu vya kusomea. Tuliogopa kwamba tukiwataja wale watoto wawili shujaa wetu atachafuka, kwa hiyo tukawapitisha haraka au tukawafuta kabisa. Kumbe tulipowafuta, tulimfanya kasisi awe sanamu, na wanakijiji wawe kondoo waliofuata sanamu. Warudishe watoto katika kisa, uone kinavyobadilika. Kuna baba mwenye hofu kama baba yeyote. Na kuna mamia ya baba na mama wengine, wenye hofu ile ile, ambao hawakuwa na ndugu Yorkshire. Hao ndio waliolipa. Katika kijiji kile aliyefanya jambo kubwa kabisa si yule aliyehutubu, bali ni yule aliyekuwa na watoto ndani ya mpaka, akasikia hotuba, akarudi nyumbani akafunga mlango.

Kabla ya kuondoka tulikwenda kumwona mmoja wao. Karibu nusu maili nje ya kijiji, katikati ya malisho, kuna ua mdogo wa mawe wenye umbo la duara, na ndani yake makaburi ya jamaa ya Hancock. Huitwa makaburi ya Riley. Katika siku nane za mwezi Agosti 1666, Elizabeth Hancock aliwazika hapo mumewe na watoto wake sita. Alizika peke yake, kwa kuwa kila familia ilizika watu wake na familia yake ilikuwa imekwisha. Inasimuliwa kwamba baadaye alikwenda Sheffield kwa mwanawe aliyesalia. Nilisimama nje ya ukuta. Kondoo walikuwa wanakula majani. Chini bondeni unaona paa za nyumba za watu wengine, zilizokuwa salama kwa sababu yake. Huyu mama hakuwemo katika kitabu changu, na katika maelfu ya wanafunzi niliowafundisha hakuna aliyelisikia jina lake kutoka kinywani mwangu.

Sasa natoa maksi. Kama kisa, nakipunguzia alama kwa shujaa wake mmoja na kwa sentensi yake iliyorukwa. Kama kijiji, nakipa alama nyingi, kwa sababu moja kubwa: vibao. Wenyeji wa Eyam wamefanya jambo ambalo mwandishi wa kitabu changu hakulifanya, nami sikulifanya. Wameandika majina ya waliokufa kwenye nyumba zao, mkubwa na mdogo, mwenye cheo na asiye nacho. Mgeni akisoma vibao peke yake bila hotuba ya mtu, atakielewa kisa kuliko nilivyokielewa miaka yote ile. Milimani kwetu sikumbuki kuona kibao hata kimoja. Wale watatu tuliowazika nawakumbuka, na yule wa darasa la tatu naweza kukuonyesha alikuwa dawati lipi. Katika daftari la mahudhurio nilikata jina lake kwa mstari mmoja mwekundu kama ilivyokuwa taratibu, daftari likapelekwa stoo.

Tuliporudi garini jua lilikuwa linatua, na binti yangu aliniuliza kama bado nakipenda kisa cha Eyam. Nilimwambia nakipenda zaidi. Lau ningepewa darasa tena, ningekirudisha, na maswali yake matano yote. Ila chini ya lile la tano ningeongeza la sita, na nisingewapa wanafunzi jibu: Watoto wa kasisi walikuwa wapi?